Nilijibu "Yes", Malori Yakaondoka

Simu iliingia saa mbili usiku nikiwa bado ghalani. Ulikuwa mwezi wa kumi na moja, msimu wa korosho umepamba moto hapa Mtwara, malori ya kutoka Newala na Tandahimba yamepanga foleni mpaka barabarani, nami ndiye niliyekuwa karani wa mizani. Nilikuwa na miaka 24. Aliyepiga alikuwa msimamizi wa mnunuzi, mgeni asiyejua Kiswahili, yuko Dar es Salaam. Shida yake ilikuwa malori mawili tu, yale yaliyokwisha kufunikwa maturubai yakisubiri ruhusa ya kwenda bandarini. Mchana ule yalikuwa yamepita manyunyu. Akaniuliza, "Haven't you checked the moisture again?"

Nilimwelewa neno kwa neno. Anauliza kama hatujarudia kupima unyevu. Na kweli hatukuwa tumerudia, kwa sababu kipimo kilikuwa kimeazimwa na ghala la jirani tangu asubuhi. Nikamjibu kwa adabu zote, "Yes, sir." Maana yangu: ndiyo, hatujapima.

Akasema vizuri, yaondoke. Mimi nikajua ameamua yaende hivyo hivyo. Yeye alijua tumepima na hali ni nzuri. Nikasaini karatasi, makuli wakafungua geti, malori yakaondoka.

Kesho yake walipochomeka kipimo kwenye magunia ya juu kule bandarini, wakakuta yamelowa. Mzigo ukarudishwa, ukashushwa, korosho zikaanikwa upya siku tatu. Nilikatwa sehemu ya mshahara, na hilo nililimeza. Kilichonikaa kooni ni kikao. Niliketishwa mbele ya watu watatu nikaulizwa kwa nini nilisema uongo. Nikaeleza: ameniuliza hamjapima, nikasema ndiyo, hatujapima, sasa uongo uko wapi? Mmoja kati ya wale watatu, Mtanzania mwenzangu, alinielewa palepale. Nilimwona usoni. Lakini hakusema neno.

Nimebeba jambo hili miaka mingi, na ndilo lililonifanya nianze kukisoma Kiingereza upya, safari hii kwa njia yangu.

Fikiria mtu akikuuliza "Hujala?" na kweli hujala. Unamjibu "Ndiyo", au kwa mkato tu, "Ee". Hakuna Mswahili atakayepata shida hapo. "Ndiyo" yetu inaitazama kauli ya muulizaji: ulivyosema ndivyo ilivyo. Neno lenyewe limebeba maana hiyo ndani yake. "Yes" ya Kiingereza haimtazami muulizaji, inalitazama jambo. Jambo limefanyika, jibu ni "yes". Halijafanyika, jibu ni "no", hata kama aliyeuliza ameshakisia vizuri kwamba halijafanyika. Kwa hiyo "Haven't you eaten?" na tumbo tupu, jibu ni "No, I haven't." Kwetu sisi "hapana" hapo ingemaanisha umekosea, mimi nimeshakula.

Hatuko peke yetu. Wajapani hujibu kama sisi. Wafaransa wana neno la tatu, "si", la kumpinga anayeuliza kwa ukanushi, na Wajerumani wana "doch" kwa kazi hiyo hiyo. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba Kiingereza chenyewe zamani kilikuwa na maneno manne. "Yea" na "nay" yalijibu swali la kawaida, "yes" na "no" yalijibu swali lenye ukanushi. Baadaye yale mawili ya kwanza yakafifia. Ina maana "yes" niliyoitamka usiku ule, kwa asili yake, ni neno la kumwambia aliyeuliza kwa ukanushi kwamba amekosea. Yule bwana alisikia hasa kile ambacho neno lile lilizaliwa kukisema.

Tangu siku hiyo sijibu swali la namna hiyo kwa neno moja. Ninajibu kwa sentensi nzima: "No, we haven't. We haven't checked it." Simu nyingine hukatika katikati ya maneno, mtandao wetu unajulikana, kwa hiyo hata mara mbili narudia.

Sasa nirudi nyuma kidogo. Shuleni kwetu kulikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Ukikutwa unaongea Kiswahili unavishwa shingoni, unakaa nacho mpaka umnase mwenzako. Tuliambiwa Kiswahili kiachwe getini, kwamba ndicho kinachotuharibia Kiingereza. Na ukumbuke mtoto wa Kitanzania alikuwa anasoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, mpango uliowekwa mwaka 1967, kisha Januari moja anaingia kidato cha kwanza na baiolojia inamjia kwa Kiingereza. Kwa wengi wetu huku Kusini, hicho Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili. Bibi yangu mzaa mama, wa Newala, akitaka kusema la moyoni husema kwa Kimakonde.

Nasema bila kuzunguka: kile kibao kilinichelewesha. Walimu wangu walikuwa watu wazuri, wengine nawaheshimu mpaka leo, lakini kuniambia nikisahau Kiswahili ilikuwa sawa na kumwambia mtu atembee bila kukanyaga chini. Sikukisahau. Nilikificha, nacho kikaendelea kunifanyia kazi gizani, kinapanga sentensi zangu za Kiingereza bila mimi kukiona. Makosa yangu karibu yote yalikuwa Kiswahili safi kilichovaa maneno ya Kiingereza. Siku nilipoanza kujiuliza "kwanza, Kiswahili kinafanyaje hapa?" ndipo mambo yalipoanza kufunguka.

Chukua "-me-". Hili limewatesa wengi kuliko jambo lolote ninalolijua. Tunafundishwa kwamba "-li-" ni wakati uliopita, "-me-" ni wakati timilifu, na kwamba wakati timilifu kwa Kiingereza ni "have". Basi mtu anaandika, "The lorry has arrived yesterday." Ukimsahihisha anakushangaa, maana kwa Kiswahili "lori limefika jana" ni sentensi ya kila siku. Hakuna anayeinua kichwa kuisikia.

Kiingereza hakikubali. "Has arrived" ni kama kamba ambayo ncha yake moja imefungwa kwenye sasa hivi: lori lipo hapa, tulishughulikie. Ukishataja "yesterday" umeikata ile kamba. Tukio limebaki jana, na unatakiwa useme "arrived". "The lorry arrived yesterday." Maelezo haya niliyasoma mara nyingi na hayakunisaidia, kwa sababu nikiwa naongea sina muda wa kufikiria kamba.

Kilichonisaidia nilikigundua siku moja nikiwa kwenye kivuko naenda Msanga Mkuu, najisemea sentensi kichwani. Kiswahili chetu, katika kukubali, kinalegeza: "limefika jana" inapita. Lakini katika kukanusha kinakaza. Nikiulizwa kuhusu jana sisemi "lori halijafika jana". Nasema "lori halikufika jana". Hapo hapo Kiswahili kimechagua, bila mwalimu, bila kanuni. Kwa hiyo ukiwa na sentensi yenye "-me-" na hujui uiwekeje kwa Kiingereza, ikanushe kwanza. Sikio likitaka "-ku-", andika wakati uliopita wa kawaida. Sikio likitaka "-ja-", andika "have".

"Nimemaliza kazi." Kanusha: sijamaliza kazi. Basi: "I have finished the work." "Nimemaliza kazi juzi." Kanusha: sikumaliza kazi juzi. Basi: "I finished the work the day before yesterday." Wapo wanaosema "jana sijaenda", hasa mitaani, nami nawasikia kila siku. Lakini hata wao, ukiwaambia waandike, wengi wanaandika "sikwenda". Sikio linajua.

Waingereza wenyewe na Wamarekani hawalingani kabisa hapa. Muingereza atakuambia "I've already eaten", Mmarekani aghalabu atasema "I already ate", na kila mmoja yuko kwao. Kwa hiyo ukimsikia Mmarekani kwenye filamu akitumia wakati uliopita mahali ulipotarajia "have", usidhani umekosea masomo.

Lakini "-me-" ina chumba cha pili, na huko kipimo changu hakifai. "Nimechoka." "Amelala." "Amesimama mlangoni." "Amevaa kanga." Hizi haziongelei tukio lililokwisha, zinaongelea hali ambayo mtu yumo sasa. Mtoto akilala unaweka kidole mdomoni na kunong'ona "amelala". Ukiandika "he has slept" Muingereza ataelewa kwamba mtoto ameshalala usingizi wake, pengine sasa yuko macho anacheza. Unachotaka ni "he is asleep". Vivyo hivyo "I am tired", "she is standing at the door", "she is wearing a kanga". Swali la kujiuliza hapa ni moja: sasa hivi yukoje? Ukipata jibu la hali, tafuta "is".

Binti wa dada yangu, anayekaa kwangu hapa Chikongola na sasa yuko kidato cha pili, ndiye aliyenilazimisha kulielewa "the". Alikuja na daftari siku moja jioni. "Mamdogo, kwani 'the' maana yake nini?" Nikamwambia haina maana, ni kawaida yao tu. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na mimi. Akaniangalia kwa namna iliyonifanya nione aibu, kwa sababu aliniamini.

Usiku nilikaa nikawaza bibi alivyokuwa akitusimulia hadithi. Paukwa! Pakawa! Hapo zamani palikuwa na mzee mmoja. Mzee yule alikuwa na shamba. Mbona anasema "mmoja"? Hakuna aliyeuliza idadi. Na mbona baadaye anasema "yule", wala hamwonyeshi mtu kwa kidole? Anasema "mmoja" kwa sababu mzee ndiyo kwanza anaingia hadithini, hatumjui. Anasema "yule" kwa sababu sasa tunamjua, ni yule yule wa sentensi iliyopita.

Hivyo ndivyo ilivyo "a" na "the", na si kwa mfano tu. "A" na "an" zilitokana na neno lao la kale la "moja", ndiyo maana "an" ndiyo ya zamani zaidi na ile "n" hudondoka mbele ya sauti ya konsonanti. "The" ilitokana na neno la kuonyesha, ukoo mmoja na "that". Waingereza walianza pale pale bibi yangu alipokuwa, wakayatumia maneno hayo mpaka yakachakaa na kuwa madogo, kisha ikawa lazima kuyatumia kila mahali. Sisi tumebaki na hiari.

Kesho yake nikamwita binti tukakaa barazani, nikamwonyesha kingine tulicho nacho. "Nimeona gunia." "Nimeliona gunia." Nikamuuliza tofauti. Akafikiri, akasema, "La kwanza gunia lolote. La pili lile tulilokuwa tunalitafuta." Basi la kwanza ni "I have seen a sack", la pili ni "I have seen the sack". Ile "-li-" ndogo ya katikati ya kitenzi, si ya wakati uliopita bali ya gunia lenyewe, inabeba kazi ambayo Kiingereza kinaibebesha "the". Tulijaribu kwa kitabu, kwa ufunguo, kwa ndoo. Ilikubali. Kwa watu na wanyama haikubali vizuri, kwa sababu "nimemwona mtu" tunasema hata kwa mtu tusiyemjua kabisa, na nilimwambia hivyo mapema asije akajikwaa.

Kisha kuna "the" ya vitu ambavyo havihitaji kutambulishwa. Mvuvi wa Mikindani akisema "bahari imechafuka", humuulizi bahari ipi. "The sea is rough." Ukimwambia mtoto "funga mlango", anajua mlango mliokaa karibu nao. "Close the door." Na ukisema juu ya korosho kwa ujumla, korosho zote za dunia, "the" haiingii: "Cashew nuts are our main crop." Ukiweka "the" hapo, msomaji ataanza kuuliza korosho zipi.

Mengine ni ya kukariri, na naona heri kumwambia mwanafunzi ukweli huo kuliko kumtungia sababu. Mito inachukua "the": "the Ruvuma", "the Rufiji". Maziwa hayachukui: "Lake Victoria". "Mnazi Bay" haina, "the Bay of Bengal" inayo. Kariri, songa mbele.

Mdogo wangu wa kiume alifanya kazi ya ulinzi wakati wageni wa gesi walipofurika mjini hapa. Aliibiwa simu kwenye daladala, akamwandikia msimamizi wake kumweleza kwa nini hakupatikana: "I was stolen my phone." Yule mgeni alicheka, akawasomea wenzake, nao wakacheka. Mdogo wangu hakuongea Kiingereza wiki nzima. Alikuwa anajibu kwa kichwa tu.

Hasira niliyokuwa nayo imepoa, lakini nataka aliyewahi kuchekwa namna hiyo ajue kwamba sentensi ile ina akili. Kiswahili kinamweka mbele aliyeumia. Nimeibiwa. Nimefiwa. Nimenyeshewa. Nimeishiwa. Mimi ndiye niliyepatwa, mimi ndiye ninayeanza sentensi, na simu, au baba, au mvua, inafuata nyuma. Kwangu mimi ni miongoni mwa mambo mazuri kabisa ya lugha yetu, kwamba mtu aliyefiwa ana kitenzi chake mwenyewe.

Kiingereza hakina mlango huo. "Steal" hushika kitu kilichochukuliwa, kwa hiyo kinachokuja mbele ni simu: "My phone was stolen." Ukisema "I was stolen", umesema wewe mwenyewe ulibebwa ukapelekwa. Ukitaka kubaki mbele kama Kiswahili kinavyotaka, zipo njia mbili. Ya kwanza ni "rob", ambayo humshika mtu: "I was robbed." Ya pili ni kutumia "have" kwa namna isiyofundishwa sana shuleni: "I had my phone stolen." Hii ya pili ndiyo ndugu wa karibu wa "nimeibiwa simu". Mdogo wangu alikuwa karibu kabisa na sentensi sahihi: abadili neno moja, ahamishe jingine. "Nimefiwa na baba" haiwezi kugeuzwa hivyo, maana "die" haina kauli ya kutendwa. Wao husema "I lost my father", nimempoteza. "Nimeishiwa pesa" wanasema "I've run out of money."

Sasa "-nge-". "Mvua ingenyesha, korosho zingeharibika." Pande zote mbili zina "-nge-", kama sahani mbili za mizani. Nimefanya kazi ya mizani, labda ndiyo maana sentensi hii naipenda. Ukiihamisha kama ilivyo unapata "If it would rain, the nuts would spoil", na hilo ndilo kosa letu sote. Kiingereza sanifu kinaweka "would" upande mmoja tu. Upande wa "if" kinaweka wakati uliopita: "If it rained, the nuts would spoil." Ingawa mvua inayosemwa si ya jana. Huenda ni ya kesho.

Hapo niligota muda mrefu. Mvua ya kesho, kitenzi cha jana. Mpaka nikaona kwamba wakati uliopita wa Kiingereza unafanya kazi zaidi ya moja. Unaonyesha umbali. Mara nyingine ni umbali wa siku, jambo liko nyuma. Mara nyingine ni umbali na ukweli, jambo halipo, tunaliwazia tu. Na kuna umbali wa tatu, wa heshima. "Can you send the documents?" ni swali la kawaida. "Could you send the documents?" ni lile lile limepiga hatua moja nyuma, halimsogelei mtu usoni. "I was wondering if you could send the documents" limepiga hatua mbili.

Nikadhani hilo ni lao peke yao, mpaka nikajisikia mwenyewe dukani. "Samahani kaka, nilikuwa naomba kilo moja ya unga." Nilikuwa naomba lini? Naomba sasa hivi, nimesimama mbele yake na hela mkononi. Muuza duka hajawahi kuniuliza "ulikuwa unaomba, umeshaacha?" Anafahamu kwamba ile "nilikuwa" ni adabu. Tunalo jambo hili hili, tunalitumia kila siku, na hakuna mwalimu aliyewahi kutuonyesha. Barua zangu za ofisini zilibadilika tangu hapo. Zamani niliandika "I am requesting you to send", tafsiri ya "naomba utume", na wageni waliisoma kama amri ya polisi. Siku hizi naandika "Could you please send", na majibu yanakuja na salamu.

Kwa jambo lililokwisha kupita na kuharibika, tunayo "-ngali-", ingawa wengi siku hizi wanatumia "-nge-" kwa yote. Ningalijua, ningalisema hapana. "If I had known, I would have said no." Hatua mbili nyuma: umbali wa siku na umbali wa ukweli, ndiyo maana kuna "had known" na si "knew". Sentensi hiyo sikuikariri kwenye kitabu. Niliijua siku nyingi kabla sijajua kuiandika.

Mengine nayapita haraka kwa sababu yanatibika kwa mazoezi tu. "Yeye" wetu hana jinsia, kwa hiyo "he" na "she" zitateleza mdomoni hata baada ya miaka 20. Nimesikia wasomi wakubwa wakizibadilisha, wala haipunguzi usomi wao. "Kuazima" kwetu ni kutoa na kupokea, Kiingereza kina "lend" kwa anayetoa na "borrow" kwa anayepokea. "Ingawa" yetu hupenda kufuatwa na "lakini", ila "although" haitaki "but" nyuma yake. "Nasikia harufu", lakini "hear" ni ya masikio tu. Ushauri, taarifa na samani kwa Kiingereza havihesabiki, hakuna "advices" wala "informations" wala "furnitures". Ile "s" ya "he goes", ambayo inatusumbua bila sababu, ni upatanisho kama wetu, ila wao wameuweka mkiani badala ya kichwani. Mtu anayeweza kusema "kitabu kimepotea, vitabu vimepotea" bila kufikiri ana akili ya kutosha kwa "s" moja.

Wiki iliyopita bibi alishuka kutoka Newala akiwa hoi, akalazwa Ligula. Binti alikosa shule siku moja kwa kukaa naye, na kesho yake alitakiwa kupeleka barua ya maelezo, kwa Kiingereza. Aliiandika jioni pale mezani huku mimi nakoroga uji. Sikumsimamia. Nilisoma juu ya bega lake nilipopita kuchukua chupa ya chai.

Alikuwa ameandika: "I have not come to school yesterday because my grandmother has slept in the hospital."

Nikanyamaza. Akaisoma mwenyewe, midomo ikicheza. "Jana sijaja," akanong'ona. "Jana sikuja." Akafuta, akaandika "I did not come to school yesterday." Akaendelea. "Bibi amelazwa." Akasimamisha kalamu hewani. "Sasa hivi yukoje? Yuko hospitali." Akafuta tena: "because my grandmother is in the hospital."

"Mamdogo," akaniita, "niache 'the' au niitoe?"

Nikamwambia Waingereza wakisema "in hospital" bila "the" wanamaanisha mgonjwa aliyelazwa, na wewe uliyekwenda kumtazama uko "at the hospital". Wamarekani wanaweka "the" kwa wote wawili. Mwalimu wako atakubali lolote.

Akafikiri. "Basi naitoa," akasema. "Ili ijulikane aliyelala kitandani ni bibi, si mimi."

Akaitoa, akaikunja barua, akaitia katikati ya daftari. Nikafunga chupa ya uji kwa kanga isipoe, tukatoka kutafuta bodaboda ya kwenda Ligula kabla muda wa kutazama wagonjwa haujaisha.